Mtu Asiyegeuza Shingo

Ukimwita kwa nyuma, hakugeuka. Alisimama pale pale njiani, akangoja umzunguke mpaka mbele yake, akakutazama usoni, ndipo akasema, "Bon, ni weye." Wageni wa avenyu yetu pale Butembo walidhani ana kiburi, na wengine walimwambia hivyo waziwazi. Sisi tuliokulia ukuta kwa ukuta na nyumba yake tulikuwa tumezoea. Kumsalimu Kapita kulikuwa na utaratibu wake, na ukishaujua, mtu mwenyewe alikuwa mpole.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayasema. Kwanza siyajui vizuri, na pili yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nilizaliwa, si unaona?" Jina lake la ubatizo lilitamkwa na padri peke yake. Kwa wengine wote alikuwa Kapita, yaani msimamizi, na aliowasimamia ni wabebaji wa viazi, wale wanaoshusha magunia kutoka juu ya milima ya Lubero mpaka barabarani ambako malori yanangoja.

Anayetaka kumwelewa Kapita aelewe kwanza mkanda. Mbebaji wa kwetu haweki mzigo kichwani wala begani. Anauweka mgongoni, na mkanda unaoushikilia unapita kwenye paji la uso, hivyo uzito wote unategemea shingo. Shingo ikinyooka, mtu anabeba mzigo mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Akigeuza kichwa ghafla kwenye mteremko, mzigo unamvuta, na wapo waliovunjika shingo kwa kutaka tu kuona nani anakuja nyuma. Ndiyo maana wabebaji huenda wawili wawili, na wa mbele hageuki hata asikie nini. Anaita, "Uko?" Wa nyuma anaitika, "Niko." Jibu likikosekana, wa mbele anapiga magoti, anatua mzigo, anarudi kutafuta. Jibu likija, anaendelea na safari. Sheria za serikali watu wetu huzitafutia njia ya pembeni, lakini hiyo ya mlimani sijaona mtu akiichezea.

Kapita aliishusha sheria hiyo mpaka nyumbani. Mkanda ulikuwa umemchimbia mfereji kwenye paji la uso, na hata siku za Jumapili, akiwa na koti na viatu vilivyopakwa rangi, alitembea kama bado umo. Akikaa kula, mkewe yuko jikoni nje, aliita bila kuinua macho kwenye sahani, "Uko?" Mama Kapita alijibu, "Nitakuwa wapi pengine na weye ulishanioa?" Kanisani, padri aliposema tupeane amani, Kapita alinyoosha mkono nyuma kupitia begani, na watu wa benchi lililofuata wakaushika mmoja baada ya mwingine, kama wanaopokea kitu dirishani. Sisi watoto tuligombania benchi hilo.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Maneno aliyabana, lakini maharagwe ya shamba lake aliyagawa mpaka mkewe akawa anayaficha. Askari mwenye bunduki alimwangalia kama anavyoangalia mvua, ila dindo la jirani, yaani bata mzinga, lilimfanya abadilishe njia, na akikutana nalo uso kwa uso alivua kofia. Hakujua kuimba hata kidogo na aliimba kila asubuhi. Wabebaji wake walisema hawajaona mtu mwangalifu kama yeye. Kabla ya safari alikagua mikanda, mafundo, hata vidole vya miguu kama vina funza. Mtu akipiga chafya, alisimamisha msafara wote mpaka ajue ni chafya ya vumbi au ya homa.

Yalikuwepo na mengine ambayo hatukuyacheka. Akiingia nyumbani, hakufunga mlango mara moja. Aliushika wazi kidogo, macho yakiangalia ndani, kisha akauachia polepole kama mtu aliyempisha mwingine. Kwenye kilabu cha kasiksi, pombe ya ndizi ya kwetu, alikaa mbele ya wenzake na kuacha nafasi nyuma yake, na mtu akitaka kuikalia alisema tu, "Hapo, hapana." Mbwa wa baba yangu, aliyebwekea hata masista, alimwacha Kapita apite kimya. Kisha alisimama na kubwekea njia tupu, hatua chache nyuma yake, akirudi kinyumenyume mpaka chini ya ghala. Mama yangu alimfunga mbwa yule kila alipoona Kapita anarudi kutoka kazini, na hakueleza kwa nini.

Mambo hayo yalianza baada ya mbio.

Mfanyabiashara mmoja wa viazi, aliyependa kusikia jina lake, alikuwa ameanzisha mashindano ya wabebaji: kutoka Luofu mpaka Butembo, siku kadhaa, si kwa barabara bali kwa njia za miguu za juu ya milima, wawili wawili, kila mmoja na kifurushi chake cha viazi mgongoni. Washindi walipewa mabati ya kuezeka nyumba nzima. Kila timu ilipewa fimbo moja ndefu, na kufika maana yake ni wote wawili kuingia kwenye lango la paroisse, yaani parokia, wakiwa wameishika. Anayeingia peke yake hajafika, hata akitangulia watu wote.

Mwenzake Kapita alikuwa shemeji yake, ndugu mdogo wa Mama Kapita. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, mwenye sauti nene, na mimi namkumbuka kidogo tu kwa sababu alinipa ndizi siku moja nikiwa nalia. Walikuwa mbele ya wengine wote. Siku ya mwisho ukungu ulishuka kwenye msitu wa mianzi, ule ukungu wa juu ambao unanyoosha mkono na huoni vidole. Kapita aliita, akaitikiwa. Akaita tena, akaitikiwa. Walitoka kwenye mianzi, wakashuka mashambani, wakaingia mjini, na njia nzima aliita na kuitikiwa. Kwenye lango la paroisse aliita mara ya mwisho, akasikia "Niko" nyuma ya bega lake, akanyoosha fimbo kwa waamuzi. Waamuzi wakamwuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Ncha ya nyuma ya fimbo haikuwa na mtu.

Walimtafuta mpaka watu wa vijiji vya kule wakawafukuza wakidhani ni wapelelezi. Hawakupata kifurushi, wala kipande cha nguo, wala kiazi kimoja kilichodondoka. Wakati ule ule wanaume wenye buti za plastiki walikuwa wameanza kupita milimani, na muda si mrefu tukajua kwamba hiyo ndiyo vita. Wengine walisema kijana alichukuliwa na hao kubeba risasi. Wengine walisema ametorokea kwenye machimbo ya dhahabu. Na walikuwepo, kama wanavyokuwepo siku zote, waliosema Kapita alimwuza kwa mlima ili apate mabati. Mabati yenyewe hakupewa, lakini mtu anayetaka kusema hazuiliwi na jambo dogo kama hilo.

Aliyeumia zaidi ni mama wa kijana, yaani mama mkwe wa Kapita. Sote tulimwita Koko, bibi. Aliishi chumba cha nyuma katika ua huo huo, na mbele ya mlango wake kulikuwa na shina la migomba. Kwetu, mtu akifa na mwili usipatikane, tunakata mgomba, tunauvika nguo, tunaulilia na kuuzika mahali pake, ili roho yake ijue imeagwa. Koko alishachagua mgomba. Lakini matanga hayalaliwi kwa mtu ambaye huenda yu hai, na aliyekuwa naye mwisho ndiye anayetoa neno kwamba amepotea. Neno hilo Kapita alikataa kulitoa.

Niliwasikia mara nyingi kupitia uzio. Koko alikuwa anakaa mlangoni, na Kapita anasimama mbali kidogo, ameinamisha uso kama inavyompasa mkwe.

"Sema neno moja tu," Koko alikuwa anamwambia. "Sema ulimupoteza kule juu. Sitakukasirikia."

"Mama, siwezi kusema uongo. Aliniitika mupaka kwa portail ya paroisse."

"Basi iko wapi?"

"Sijui, Mama. Mais aliitika."

Mgomba hauna subira ya binadamu. Ule aliouchagua Koko ulizaa, ukanyauka, chipukizi lake likashika nafasi, nalo likazaa. Koko akawa anachagua upya, na kila ulipoanguka alikaa siku nzima bila kula.

Hivyo ndivyo walivyoishi vita ya kwanza yote na mwanzo wa ile ya pili, kijana wa watu akiwa si hai wala maiti. Mimi nilikuwa nimemaliza shule nikimsaidia mama kuuza vitenge, nikiwa na miguu yenye nguvu na mdomo ambao baba alisema utanikosesha mume. Ndipo komanda wa waasi waliotutawala akatangaza kwa megafoni kwamba mbio zitarudi, ziitwe mbio za amani. Safari hii zingeanzia Kirumba, maana Luofu ilikuwa karibu mno na bunduki za upande mwingine. Kila mbebaji angebeba unga badala ya viazi, na unga huo, ajabu ya Mungu, ungeishia kambini kwake. Amani yenyewe ilikuwa hiyo, kusafirishiwa chakula cha askari bila malipo. Kila avenyu itoe timu. Avenyu isiyotoa, komanda atachagua vijana mwenyewe na kuwapeleka mbele kubeba risasi. Kaka yangu alikuwa na umri ule ule wanaoutaka.

Kapita alijitolea kabla megafoni haijanyamaza. Kazi ikawa kumpata wa pili. Wiki ile magoti ya wanaume wote wa avenyu yetu yaliugua kwa pamoja. Hakuna aliyetaka kutembea nyuma ya mtu yule kwenye mianzi, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema sababu. Nikaingia kwenye mkutano nikasema nitakwenda mimi.

Baba alisimama. "Mwanamuke? Na mukanda?"

"Kwani unga ya soko munabebewa na nani?" nikamwuliza, na akina mama walioko mlangoni wakacheka.

Kapita alikagua miguu yangu kwa macho. "Huyu anasema sana," akasema. "Hapana ataweza kupotea."

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Tulipita mashamba ya viazi na vitunguu, ng'ombe wakitushangaa, hewa ya baridi inayokata kifua. Timu nyingine zilitupita zikitania. Kapita hakuharakisha. Alinifundisha kupumua kwa mwendo wa miguu, kukanyaga alipokanyaga yeye, na kutomwangalia mgongo bali visigino. Aliita, nikaitika. Nilipoanza kuongea kuhusu bei ya vitenge hakunizuia. Nadhani alitaka sauti yangu iwe nyingi.

Siku ya mwisho mianzi ilitumeza kabla jua halijapasha. Ukungu ulikuwa umelala chini kabisa, na ndani yake hata nyayo zangu nilizisikia kama za mtu mwingine. Maneno yaliniisha. Nikabaki na visigino vyake, na "Uko?", na "Niko." Kisha kamba ya sandale yangu ikakatika. Ilinibidi nipige magoti taratibu kwa sababu ya mzigo, nikaanza kuifunga kwa vidole vilivyokufa ganzi, na visigino vya Kapita vikaingia kwenye weupe.

Nikamsikia akiita kutoka mbele. "Uko?"

Nilifungua mdomo. Kabla sijatoa sauti, mtu akaitika, "Niko."

Haikuwa mwangwi. Ilitoka njiani, kati yangu na yeye, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi ya mtu aliyechoka na mzigo. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nene. Nyayo za Kapita hazikusita. Ziliendelea mbele, na nyuma yake nikasikia nyayo nyingine zikimfuata.

Sijui niliinukaje na mzigo ule. Nilikimbia na sandale moja, nikilia kwa woga, nikipiga mianzi kwa mabega, nikipita mahali ambapo yule mtu alipaswa kuwa na nisigonge kitu. Nilimkuta Kapita peke yake, anatembea mwendo ule ule. Nikashika fimbo yetu ya mbio kwa nyuma nikaivuta.

"Papa Kapita, si mimi niliitika."

"Najua."

"Unajua, na unaendelea kwenda?"

Alisimama, akiangalia mbele. "Nilikuwa nasikiliza," akasema.

Woga wangu wote uligeuka hasira. Nilimwambia mambo ambayo binti hamwambii mzee. Nilimwambia angeniacha kule kama alivyomwacha yule wa kwanza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na jibu lake sijawahi kulisahau, kwa kuwa lilikuwa la kweli na halikutafuta kujificha.

"Ningekuacha," akasema. "Mungu anisamehe, mwana yangu. Ningekuacha."

Kisha akainyoosha fimbo nyuma. "Shika hapa katikati. Ile ya nyuma, uiache."

Tulikwenda hivyo siku nzima. Sikuangalia nyuma, na si kwa sababu ya mkanda. Fimbo ilikuwa nzito kuliko inavyopaswa kuwa fimbo iliyoshikwa na wawili, na kwenye miteremko ilivutika kidogo. Tulipotoka kwenye mianzi kulikuwa na kizuizi cha askari, kamba imefungwa njiani, kijana mwenye bunduki akiota moto. Desturi yao ilikuwa kumega unga wa kila anayepita. Alikuja na bakuli lake, akatuangalia, akaangalia nyuma yetu.

"Ndeko, équipe ni batu bawili," akamwambia Kapita. "Ule wa tatu anatoka wapi?"

"Unamuona?" Kapita aliuliza, akiisogelea kamba. "Unamuona namna gani? Ni mutu murefu?"

Askari alifikicha macho. Ukungu ulikuwa unatembea juu ya njia. "Ni brouillard, ni ukungu tu," akasema, akashusha kamba. "Mupite. Mupite mbio." Unga hakuumega.

Tulifika Butembo timu nyingi zikiwa zimeshafika. Komanda alikuwa kwenye kiti chini ya turubai, akinywa bia na kutucheka, lakini tulihesabiwa, na kaka yangu akabaki nyumbani. Mimi sikumwangalia komanda. Koko alikuwa amesimama langoni. Alikuwa ameomba aletwe kwa chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na injini, akashushwa na mjukuu. Alitazama nyuma yetu, pale fimbo ilipoishia, akatazama mpaka watu wakaanza kuondoka. Kisha akarudi nyumbani bila kutusalimu.

Aliniita baadaye mlangoni kwake. Nilimweleza yote, nikidhani kuna faraja ndani yake.

"Ilikuwa sauti ya mwana yangu?"

"Koko, ilikuwa ya mwanaume. Zaidi ya pale sijui."

Aliuangalia mgomba wake. "Milima imejaa banaume siku hizi," akasema.

Tangu siku hiyo Kapita alinipenda kwa upendo uliokuwa unanichosha. Nilikuwa shahidi wake. Akinikuta sokoni alisimama mbele ya meza yangu bila kununua kitu, akasema, "Na weye ulisikia," nami nikajibu, "Nilisikia, Papa." Aliondoka ameridhika, na mimi nikabaki na aibu, maana nilijua kila ninapomjibu hivyo naurudisha nyuma mkono wa Koko kutoka kwenye panga la kukatia mgomba. Ningeweza kusema nini? Nilikuwa nimesikia kweli.

Vita ikamfikia na yeye kwa njia yake. Bomu lilianguka karibu na malori siku wabebaji wanapakia. Wenzake wawili walikufa, yeye akatoka mzima bila mkwaruzo, ila masikio yakaharibika. Binti yake aliyeolewa Beni alimchukua kwa matibabu, na matibabu yakawa makazi. Mama Kapita alibaki Butembo kumtunza Koko, ambaye sasa alikuwa hainuki kitandani bila kushikwa.

Nilikuwa nikienda Beni na vitenge kila barabara ilipofunguka. Safari moja Koko aliniita kabla sijaondoka. Alikuwa amekuwa mdogo chini ya blanketi.

"Nikikufa mbele ya kumulilia, nani atamulilia?" akaniuliza. "Yule mukwe wangu haiko mubaya. Anaitikiwa, ndiyo shida. Utamukuta, atataka mutembee. Atakuita. Weye nyamaza."

"Na kama..."

"Nyamaza tu, mwana yangu. Asikie kimya mara moja katika maisha yake."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti kivulini mwa nyumba ya binti yake, mgongo kwa ukuta, miguu imevimba. Kofia ilikuwa ile ile. Nilimzunguka mpaka mbele, akafurahi mpaka machozi yakamtoka. "Bon, ni weye." Binti yake alinionya, "Sema kwa nguvu. Masikio yake imekufa. Kama hupigi kelele, hapana kitu anasikia."

Nikapiga kelele basi, na majirani wote wakasikia ombi la Koko kwamba atoe lile neno. Kapita alitikisa kichwa polepole.

"Aliniitika," akasema. "Na weye ulisikia."

"Koko anaisha, Papa."

Alitafuta fimbo yake ukutani, akainuka kwa shida. "Tutembee kidogo. Uitike kwa nguvu."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kinjia cha kwenda kwenye chemchemi, katikati ya miti ya kakao. Beni si kama milimani kwetu. Ilikuwa mchana wa joto, jua likipenya majani na kuangukia njia, kuku wakipekua, redio ikiimba mahali. Hapakuwa na ukungu hata wa dawa. Alitangulia, fimbo mkononi, nami nikafuata visigino vyake kama zamani, nikijisemea kwamba nitafanya alichoniomba yule mama na kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Tulipofika mahali kinjia kinaposhuka, aliita. "Uko?"

Nilifunga mdomo. Nyuma yangu, karibu na sikio langu, mtu akaitika, "Niko."

Ilikuwa sauti ile ile. Ilikuwa ya chini, imechoka, kama ya mtu aliyebeba mzigo njia ndefu na anangoja tu kuambiwa atue. Jasho lilinikauka mwilini. Kapita alikuwa ameinamisha kichwa, akisubiri, mkono mmoja nyuma ya sikio.

"Uko?" akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Niko," ikasema nyuma yangu.

Niliingiza pembe ya kitenge mdomoni nikauma. Ningeweza kupiga kelele, ningeweza kumwambia. Nilimwona Koko chini ya blanketi lake, nikauma zaidi. Kapita aliita mara ya tatu, na safari hii sauti ilimkatika katikati kama ya mtoto. Nyuma yangu aliitikiwa kwa upole mkubwa, na yeye hakusikia kitu.

Ndipo alipogeuka. Alianza na miguu, kisha mabega, na mwisho kabisa shingo, polepole, akikunja uso kwa maumivu, kama anayefungua mlango uliofungwa miaka. Sikuwahi kuuona uso wake ukinijia kwa namna hiyo. Aliniangalia mimi, kitenge mdomoni, machozi yakinitiririka. Kisha akaangalia nyuma yangu. Niliyafuata macho yake nione kama yatakwama mahali. Hayakukwama. Yalipita kwenye kakao, kwenye kuku, kwenye ukuta wa nyumba, yakarudi.

"Hapana mutu," akasema.

Alikaa chini palepale kwenye majani, akalia kwa sauti, bila kujificha, mtu mzima na kofia yake. Nilikaa naye nikamshika mkono. Baadaye akajifuta.

"Donc, alibakia kule juu," akasema. "Nilimupoteza kule. Ambia Mama akate mugomba."

Koko aliukata mwenyewe, yaani alishikiwa panga na mkono wake ukawekwa juu. Tuliuvika mgomba shati na kitenge nilichotoa sokoni kwangu, tukalala matanga, tukauzika mahali pake, na Koko akaimba kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. Aliishi muda mfupi baada ya hapo, akila vizuri. Kapita aliletwa kwenye mazishi hayo ya mgomba kwa gari. Shingo yake ilikuwa imefunguka kabisa. Aligeuka huku na huku kusalimu watu wa nyuma, hata alipoguswa na mtoto, na wazee wakamtania kwamba sasa ni bundi. Sijawahi kumwona mwepesi vile. Akaenda kwake akafunga mlango mara moja.

Sikumwambia Kapita kwamba aliitikiwa, wala sikumwambia Koko, na wote wawili sasa wamelala. Nafikiri nilifanya vema. Bado nauza vitenge pale pale, na wateja wapya wanadhani nina kiburi. Wakiniita kwa nyuma, nasimama, nangoja waje mbele yangu.